Dripu ya Kasi na Historia ya Miongozo ya Tiba

Kwa miaka mingi, mtoto aliyefikishwa hospitali akiwa na homa kali, mikono na miguu ya baridi na mapigo dhaifu alitundikiwa dripu na kumiminiwa maji kwa kasi. Ndivyo miongozo ya kimataifa ilivyoagiza, na hoja yake ilionekana wazi: damu haizunguki vizuri, basi aongezewe maji. Kilichokosekana ni ushahidi. Agizo hilo lilisimama juu ya maoni ya mabingwa na uzoefu wa hospitali za nchi tajiri. Hakuna jaribio kubwa lililokuwa limelinganisha watoto waliopewa maji hayo na wasiopewa.

Jaribio hilo lilikuja kufanyika Afrika Mashariki. Kuanzia 2009, utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland, mtafiti aliyefanya kazi Kilifi, Kenya, uliandikisha watoto katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo Hospitali Teule ya Muheza. Wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuhusishwa. Watafiti wenyewe walitarajia maji yangeokoa maisha. Januari 2011, watoto 3,141 wakiwa wameshaandikishwa, utafiti ulisimamishwa kwa ushauri wa kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu. Ndani ya saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 7.3 ya watoto wasiopewa maji ya kasi, dhidi ya asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi na asilimia 10.6 ya waliopewa maji yenye albumini, protini ya damu. Katika kila watoto 100, tiba iliyokusudiwa kuokoa ilipoteza takriban 3 zaidi.

Kasoro iliyodhihirika hapo, ya kutegemea maoni ya mabingwa badala ya ushahidi, ilikuwa imeshaonekana kwingine. Mwaka 2007 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kuwa Shirika la Afya Duniani (WHO) liliandaa mapendekezo yake kwa kutegemea zaidi wataalamu walioalikwa mezani, huku mapitio ya kina ya tafiti yakitumika kwa nadra. Mwaka huohuo shirika likaunda kamati ya kukagua miongozo yake. Tangu hapo utaratibu unaotakiwa ni huu: swali huandikwa kwanza, tafiti zote zinazolihusu hukusanywa, uzito wa ushahidi hupimwa kwa mfumo uitwao GRADE, wanajopo hutangaza maslahi yao, ndipo pendekezo hutolewa likionyeshwa kama ni thabiti au la masharti.

Hata hivyo, utaratibu mzuri hauondoi ukaidi wa mazoea. Kitabu cha WHO cha tiba ya watoto hospitalini cha 2013 kiliendelea kupendekeza maji ya kasi, na mwongozo ulibadilishwa 2016, miaka 5 baada ya matokeo. Waliopinga walisema hospitali za FEAST hazikuwa na vyumba vya wagonjwa mahututi, hivyo matokeo yake hayawezi kutumika kila mahali. Hoja hiyo ina ukweli kwa hospitali zenye vyumba hivyo, kama za London. Lakini watoto wengi wenye hali hii hutibiwa katika hospitali zisizo navyo, na mwongozo wa kuwatibu lazima ujengwe juu ya ushahidi wa mahali wanapotibiwa.

Wengine hudai miongozo humfunga daktari mikono, na kwamba ikibadilikabadilika wananchi watapoteza imani. Ukweli ni kwamba daktari aliyekuwa akimimina maji kwa kasi naye alikuwa amefungwa, tena na mazoea ambayo hakuna aliyeyahoji. Pendekezo linaloeleza uzito wa ushahidi wake humwachia nafasi ya kupima hali ya mgonjwa aliye mbele yake. Kuhusu imani, kinachoiharibu zaidi ni kung'ang'ania agizo ambalo takwimu zimeshalikataa.

Kwa hiyo wizara zetu za afya na vyama vya madaktari visiishie kusambaza maagizo. Kila mwongozo unaopelekwa wodini uonyeshe ushahidi uliouzaa, majina ya walioamua na tarehe ya kupitiwa upya, na tafiti za hospitali zetu zipewe uzito unaostahili.