Dashibodi: Kutoka Ubao wa Matope hadi Kioo cha Kugusa

Neno dashibodi ni la kale kuliko gari la petroli, kwa kuwa mwanzoni lilikuwa jina la ubao uliowekwa mbele ya gari la farasi ili kumkinga mwendeshaji na matope yaliyorushwa na kwato. Magari ya injini yaliurithi ubao huo, ukawa mahali pa kupachika geji na swichi, lakini kwa miaka mingi kila kiwanda kilipanga vidhibiti, yaani pedali, vijiti na vitufe vya kuendeshea gari, kwa namna yake.

Model T, iliyotolewa na Ford mwaka 1908, ilikuwa na pedali tatu: ya kushoto ilibadili gia, ya kati ilirudisha gari nyuma na ya kulia ilikuwa breki, ilhali mafuta yaliongezwa kwa kijiti kilichokuwa chini ya usukani. Mpangilio uliozoeleka leo, wa klachi kushoto, breki katikati na mafuta kulia, ulionekana katika Cadillac Type 53 ya mwaka 1916, kisha Austin 7, iliyozinduliwa mwaka 1922, ikausambaza Ulaya.

Hata hivyo, magari ya gia otomatiki yalizua mkanganyiko mpya. Ralph Nader, katika kitabu chake cha mwaka 1965 kuhusu hatari za magari ya Marekani, alionyesha kwamba mpangilio wa gia ulitofautiana baina ya viwanda, na katika baadhi ya magari gia ya kurudi nyuma ilipakana na ya kwenda mbele, hivyo kosa dogo la mkono liligeuza mwelekeo wa gari. Sheria ya usalama ilipitishwa mwaka 1966, na viwango vilivyoanza kutumika mwaka 1968 viliagiza gia huru ikae kati ya hizo mbili, na vidhibiti muhimu vifikiwe na dereva aliyefunga mkanda.

Skrini ya kugusa, iliyojaribiwa katika Buick Riviera ya mwaka 1986 na kuachwa baada ya miaka michache, ilirudi kwa kishindo mwaka 2012 katika Tesla Model S, ikiwa na ukubwa wa inchi 17 kutoka pembe hadi pembe. Tofauti yake na kitufe ni kwamba kitufe hutambulika kwa kupapaswa, ilhali kioo ni bapa na humlazimu dereva aondoe macho barabarani. Jarida la Vi Bilägare la Sweden lilipima jambo hilo mwaka 2022 kwa kazi nne za kawaida, mojawapo ikiwa kutafuta kituo fulani cha redio, gari likienda kilomita 110 kwa saa: Volvo V70 ya mwaka 2005, yenye vitufe, ilihitaji sekunde 10, sawa na mita 306 za barabara, na MG Marvel R yenye skrini ilihitaji sekunde 44.9, sawa na mita 1,372.

Ndiyo maana Euro NCAP, taasisi inayopima usalama wa magari Ulaya, katika vigezo vyake vya mwaka 2026 inataka indiketa, taa za hazadi, honi, wipa na wito wa dharura viwe na vidhibiti vya kushikika, ili mkono uvikute mahali pake huku macho yakibaki barabarani.