Ndege Kabla ya Ndege: Historia ya Kamera Kumtambua Mlengwa

Katika upigaji picha za ndege, tatizo kongwe kuliko yote ni fokasi, yaani kuiweka lenzi mahali ambapo kitu kilicho umbali fulani kitaonekana kwa ukali badala ya kuonekana kama kimefunikwa na ukungu. Lenzi ya milimita 600 iliyofunguliwa hadi f/4, ikielekezwa kwa ndege aliye umbali wa mita 10, huacha eneo kali lenye kina cha sentimita 6 au 7 tu, na chochote kilicho mbele au nyuma ya eneo hilo huanza kufifia. Ndiyo maana korongo aliyegeuza shingo anaweza kutoka na bawa lililo wazi kiasi cha kuhesabika nyoya moja moja, huku jicho lake likiwa doa lisilo na mipaka. Na kwa desturi ya fani hii, picha ambayo jicho halikukamatwa hutupwa, hata kama mengine yote yamekaa sawa.

Kamera za leo huweka katika menyu zake chaguo la kutambua ndege, ambalo likiwashwa huifanya kamera yenyewe imtafute ndege ndani ya fremu, kisha kichwa chake, kisha jicho. Utaratibu huo, unaoweza kuitwa utambuzi wa mlengwa, una umri mdogo sana ukilinganishwa na fokasi ya otomatiki iliyoubeba. Kwa takriban miaka 40 fokasi ya otomatiki iliweza kujibu swali la umbali peke yake, yaani kitu kiko mbali kiasi gani, ilhali swali la kitu hicho ni nini liliachiwa binadamu aliyeshika kamera. Maswali hayo mawili yalipata majibu katika zama mbili tofauti, kwa mitambo miwili tofauti, na hapo ndipo ilipo asili ya mkanganyiko unaowakuta wengi wanapofungua ukurasa wa mipangilio ya fokasi.

Kabla ya mitambo hiyo, umbali haukupimwa bali uliondolewa. Richard na Cherry Kearton, ndugu wawili kutoka Yorkshire nchini Uingereza, walipiga picha ya kiota chenye mayai mwaka 1892 na kuchapisha kitabu cha British Birds' Nests mwaka 1895. Njia yao ilikuwa kujisogeza karibu na kiota, wakajificha hata ndani ya ng'ombe wa bandia aliyetengenezwa kwa ngozi halisi, wakaiweka lenzi tayari kabla ndege hajarudi, kisha wakangoja. Cherry Kearton alifika Afrika Mashariki mwaka 1909, na filamu yake kuhusu safari ya Theodore Roosevelt barani Afrika ikatoka mwaka uliofuata. Njia ya maficho ilidumu miongo mingi, ingawa haikuwa salama siku zote: mwaka 1937 Eric Hosking, Mwingereza aliyekuja kuwa miongoni mwa mabingwa wa fani hii, alishambuliwa usiku na bundi karibu na maficho yake huko Wales, akapoteza jicho la kushoto. Aliendelea kupiga picha za ndege kwa jicho lililobaki.

Mtambo wa kwanza wa kupima umbali bila mkono wa binadamu kufika kwa wanunuzi wa kawaida ulikuwa ndani ya Konica C35 AF ya mwaka 1977, kamera ndogo ya mfukoni iliyotumia moduli ya Visitronic ya kampuni ya Marekani iitwayo Honeywell. Moduli hiyo ililinganisha taswira mbili zilizopokelewa kupitia vioo viwili vidogo, kwa kanuni ileile inayomwezesha mwenye macho mawili kukadiria umbali wa embe lililo mtini. Kwa mpiga picha wa ndege haikuwa na faida yoyote, kwa kuwa lenzi yake ilikuwa fupi na haikubadilishwa. Hata hivyo wazo la kulinganisha taswira mbili lilihamishiwa ndani ya kamera kubwa zenye kioo, ambamo mwanga unaopita upande mmoja wa lenzi hutenganishwa na ule unaopita upande wa pili. Taswira hizo mbili zikiwa zimeachana au kusogeleana kupita kiasi, kamera hujua mara moja lenzi isogezwe upande gani na kwa kiasi gani. Wahandisi huuita utaratibu huu upimaji wa awamu. Mpinzani wake, upimaji wa utofautishaji, husogeza lenzi huku ukipima ukali wa picha, hupita mahali panapofaa, kisha hurudi nyuma, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio kwa kuzungusha kitufe. Ndege arukaye hawezi kuusubiri.

Mwaka 1985 kampuni ya Japani ya Minolta ilitoa kamera ya 7000, ambayo ndani ya mwili wake mlikuwa na kihisi cha fokasi pamoja na mota iliyozungusha lenzi. Huko Marekani iliuzwa kwa jina la Maxxum, na herufi mbili za X zilizopitana katika nembo yake ya awali zilibadilishwa baada ya kampuni ya mafuta ya Exxon kulalamika kwamba zinafanana na zake. Lalamiko lililoumiza zaidi lilikuja baadaye: Honeywell iliishtaki Minolta kwa kutumia hataza zake, na mwaka 1992 shauri likamalizika kwa Minolta kulipa dola milioni 127.6. Wakati huo kampuni nyingine ya Kijapani, Canon, ilikuwa imekwisha kuchukua njia yake. Mwaka 1987 ilitoa EOS 650 yenye kishikio kipya cha lenzi, ikaweka mota ndani ya kila lenzi badala ya kuiweka katika mwili wa kamera, na kwa uamuzi huo ikawaacha wenye lenzi zake za zamani bila njia rahisi ya kuzitumia katika kamera mpya. Uamuzi huo uliwakera wengi, lakini kwa lenzi ndefu ulikuwa sahihi, kwani kioo kizito cha lenzi ya ndege huhitaji mota iliyo karibu nacho na iliyotengenezwa kwa uzito wake.

Kamera ya Minolta 7000 ilikuwa na eneo moja la fokasi, katikati. Mpiga picha alilazimika kumweka ndege hapo katikati, na ndege akichomoka, fokasi iliangukia kwenye matete au mawingu yaliyo nyuma yake. Jawabu la viwanda lilikuwa kuongeza nukta: Canon EOS-3 ya mwaka 1998 ilikuwa na nukta 45, Nikon D3 na D300 za mwaka 2007 zilikuwa na 51, na EOS-1D X iliyotangazwa mwaka 2011 ilikuwa na 61. Kadiri nukta zilivyoongezeka, ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kuchagua mojawapo kwa wakati, na katikati ya juhudi hizo Canon ilikuwa imejaribu njia ya ajabu: EOS 5 ya mwaka 1992 ilifuatilia mboni ya mpiga picha ndani ya kitundu cha kutazamia, ikawasha nukta aliyokuwa anaiangalia. Kwa hiyo kamera ilijifunza kulisoma jicho la mwindaji miaka mingi kabla ya kulisoma jicho la mwindwa.

Kwa nini kamera ya wakati huo haikuweza kumtambua ndege? Sababu imo katika umbo lake. Katika kamera yenye kioo, mwanga ulioingia ulielekezwa juu kwenye kitundu cha kutazamia na chini kwenye kihisi cha fokasi, na sehemu inayotunza picha yenyewe, filamu hapo zamani na kihisi cha dijitali baadaye, ilikaa gizani hadi kioo kilipoinuka. Kihisi cha fokasi kiliona vipande vyembamba vya mwanga penye nukta zake na si picha nzima. Nikon ilipunguza upofu huo kwa kutumia kihisi cha kupimia mwanga chenye pikseli 1,005, ambacho katika D3 na D300 kiliisaidia kamera kufuata rangi ya kitu kilichochaguliwa. Pikseli hizo zilitosha kumfuata ndege mwekundu juu ya majani mabichi, lakini kwa ndege wa kahawia katika nyasi za kiangazi hazikuwa na la kusaidia.

Canon kwa upande wake ilijenga katika EOS-1D X menyu ya hali sita, kila moja ikieleza namna mlengwa anavyosogea: anayeenda kwa mwendo wa kawaida, anayepitiwa mbele na vitu vingine, anayebadili kasi ghafla, na kadhalika. Chini ya hali hizo mlikuwa na vidhibiti kama vile wepesi wa kufuatilia, ambao huamua kamera ing'ang'anie mlengwa wa awali kwa muda gani pindi tawi likipita mbele yake. Ikumbukwe kwamba hadi hapo kamera ilikuwa ikikisia tabia ya kitu isichokijua.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na kuondolewa kwa kioo. Panasonic G1 ya mwaka 2008 ilikuwa ya kwanza sokoni katika kundi la kamera ndogo zisizo na kioo zenye lenzi za kubadilishwa, na katika kamera za aina hiyo kihisi cha picha hutazama mbele wakati wote. Mwaka 2013 Canon EOS 70D iligawa kila pikseli katika nusu mbili, moja ikipokea mwanga wa upande huu wa lenzi na nyingine wa upande wa pili, hata upimaji wa awamu ukaweza kufanywa na pikseli zilezile zinazotengeneza picha. Jicho la kamera likawa limefunguka. Kilichokosekana ni akili ya kuelewa kinachoonekana.

Akili hiyo ilitoka katika maabara za kompyuta. Utambuzi wa nyuso za watu ulikuwa umeingia katika kamera ndogo za Nikon tangu mwaka 2005, lakini uso wa mtu unaotazama mbele una mpangilio wa macho, pua na mdomo unaoweza kuelezwa kwa kanuni chache. Ndege hana mpangilio wa namna hiyo, kwani akikunja mbawa ni umbo moja, akizitandaza ni jingine, na mdomo wa hondohondo haufanani kwa lolote na wa chozi. Mwaka 2011 watafiti wa Caltech na Chuo Kikuu cha California, San Diego walitoa mkusanyiko wa picha 11,788 za spishi 200 za ndege, na katika kila picha viungo vilivyoonekana kati ya 15 viliwekewa alama: mdomo, koo, kisogo, mkia, jicho la kulia, jicho la kushoto. Mkusanyiko huo ulikuwa wa utafiti na haukuundwa kwa ajili ya kamera, ila unaonyesha kazi yenyewe ilivyo, kwamba mashine hufundishwa jicho la ndege kwa kuonyeshwa maelfu ya macho ambayo binadamu ameyabainisha kwanza. Mwaka uliofuata Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton wa Toronto walishinda shindano la kutambua picha la ImageNet kwa mtandao wa nyuroni bandia, na mbinu hiyo, iitwayo ujifunzaji wa kina, ikaanza safari ya kuingia katika vifaa vidogo.

Hapa Kiswahili kina neno la kuchangia. Januari 2019 Olympus ilitangaza kamera ya E-M1X, iliyoweza kutambua kwa ujifunzaji wa kina magari na pikipiki za mashindano, treni, na ndege. Lakini ilikuwa ndege inayoruka, si ndege anayeruka. Msemaji wa Kiswahili hutenganisha vitu hivyo viwili kwa silabi moja ya kitenzi bila kufikiri, ilhali kamera ilihitaji karibu miaka miwili, kwa kuwa uwezo wa kumtambua ndege mwenye manyoya uliongezwa kwa programu mpya Desemba 2020. Mpangilio huo haushangazi, kwani bawa la chuma halikunjwi, na abiria hawakai mtini nyuma ya majani.

Kufikia wakati huo wengine walikuwa wamekwisha kutangulia. Panasonic S1 ya mwaka 2019 iliwatambua ndege miongoni mwa wanyama, na Canon EOS R5 na R6 za Julai 2020 ziliwaweka katika kundi moja na mbwa na paka, zikitafuta jicho. Sony A1 iliyotangazwa Januari 2021 iliwapa ndege chaguo lao peke yao, na Sony A7R V ya mwaka 2022 ikawekewa kichakataji maalumu cha akili mnemba, kilichopanua orodha hadi wadudu. Nikon Z9 ya mwaka 2021 ilianza kwa kuwajumuisha ndege na wanyama wengine, kisha ikawatenga kwa programu iliyokuja baadaye. Kuwatenga huko kuna maana ya kazi: mashine iliyoambiwa itafute mnyama yeyote hupima uwezekano mwingi, na ikiambiwa itafute ndege pekee, haina sababu ya kusita kati ya sungura na kanga.

Anayefungua menyu ya kamera kama hizo hukuta matabaka ya historia hiyo yamelaliana. Kuna fokasi endelevu, ambayo ni kamera kupima umbali upya bila kukoma. Kuna eneo la fokasi, ambalo ni mrithi wa nukta za zamani. Kuna wepesi wa kufuatilia, uliobaki kutoka enzi za kukisia. Na juu ya yote kuna utambuzi wa mlengwa. Matabaka haya hayapatani kila mara. Katika Nikon Z9, kwa mfano, utambuzi haufanyi kazi eneo linapokuwa nukta moja, na mtumiaji aliyechagua nukta hiyo kwa mazoea ya zamani anaweza kudhani kamera yake ni mbovu, kumbe imenyamazishwa. Kwa upande mwingine, kuiachia kamera fremu nzima penye kundi la heroe ziwani ni kuiomba ichague jicho moja kati ya mia, nayo itachagua, lakini hakuna hakika kwamba litakuwa la yule anayetakiwa. Kunguru naye ana jicho jeusi lililozama katika manyoya meusi, na mwanga ukipungua, tofauti inayotegemewa na mashine karibu itoweke.

Wengi wa wapiga picha wazoefu hutatua mgongano huo kwa vitufe vya nyuma ya kamera, mbinu iliyoanza mwaka 1989 Canon EOS 630 iliporuhusu fokasi ihamishwe kutoka kitufe cha shata. Kitufe kimoja hupewa eneo pana pamoja na utambuzi wa ndege, kwa ajili ya ndege aliye wazi angani au juu ya maji. Kitufe cha pili, kilicho umbali wa nusu kidole, hutumika pale mdiria anapotua ndani ya kichaka na kamera kung'ang'ania ua lililo mbele yake. Nacho hakitambui chochote, kwa sababu kimewekewa nukta moja ndogo, katikati, kama ile ya mwaka 1985.