Thao Moja Tu: Namna ya Kuzunguka Nairobi Kutoka Tao Hadi Kangemi Bila Kugusa Fuliza

Kila Disemba mambo ni yale yale. Ukifungua simu unapata kila mtu yuko Diani, miguu kwenye mchanga, dafu mkononi. Wewe uko kejani Umoja unahesabu finje. Kuna wasee huvumilia, na kuna wale hukopa kwa simu, wanaenda siku tatu, halafu Januari yote wanakula sukuma na ugali huku wakikwepa namba wasizozijua. Mimi nimewahi kuwa huyo wa pili. Picha zilitoka fiti, sikatai. Lakini ukiniuliza leo nilijua nini kuhusu ile sehemu, nitakuambia bei ya samaki tu.

Halafu binamu yangu akatoka Kakamega kuja intavyu. Gari lake la kurudi lilikuwa kesho yake usiku, kwa hivyo tulikuwa na siku nzima na thao moja ya watu wawili. Akaniambia, "Bro, nionyeshe Nairobi." Manze, nikakwama. Nimezaliwa huku, lakini Nairobi yangu ilikuwa steji, kazi, steji, keja. Hiyo siku ndiyo imezaa hii story. Itumie kama wewe ni mgeni, au kama wewe ni mimi.

Anza kwenye sufuri

Pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway kuna nyumba ya mawe ya zamani, ndogo, unaipita kila siku ukiwa kwa mat. Hiyo ni Nairobi Gallery. Ilijengwa 1913, na wakati wa mkoloni watu walikuwa wanakuja hapo kuandikisha kuzaliwa, ndoa na kifo. Hapo ndipo pia umbali wa kwenda miji mingine ulikuwa unapimwa. Ukisikia Nakuru ni kilomita kadhaa kutoka Nairobi, hesabu ilianzia kwa hicho kipande cha ardhi. Kwa mtu anayetaka kujua mji, hakuna mahali poa pa kuanzia kuliko hapo.

Kutoka hapo panda na Kenyatta Avenue kwa miguu. Utakuta sanamu ya wanaume watatu, ya 1928. Wengi hudhani ni mashujaa wa uhuru. Hapana, ni ya Waafrika waliobebeshwa bunduki na mizigo kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza na Wajerumani wakipigania Afrika Mashariki. Hao wabebaji waliitwa Carrier Corps, na jina likageuka kwa midomo ya watu likawa Kariokor. Kama wewe husukwa nywele ama hununua kiondo Kariokor, sasa unajua unatembea kwa jina la nani.

Ingia Banda Street, utaona simba wawili wa mawe wamelala mlangoni. Hiyo ni maktaba ya McMillan, ilifunguliwa 1931. Hata ukiishia nje tu, simama dakika tano, kwa sababu hapa ndipo siku yetu ilibadilika. Hii maktaba ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma hadi miaka ya mwisho ya ukoloni. Binamu yangu, ambaye alikuwa amebeba vyeti vyake vyote kwa bahasha ya kaki, aliwaangalia wale simba kitambo halafu akauliza, "Kwani guka wangejipata hapa?"

Wangetimuliwa. Kuanzia 1920 mwanaume yeyote Mwafrika mwenye miaka 16 kwenda juu alitakiwa kutembea na kipande, kile cheti chenye alama za vidole, kikiwa kwa kikopo cha chuma shingoni. Na mji wenyewe ulikatwa kwa rangi ya ngozi: magharibi kwenye miinuko na hewa safi, Wazungu; Parklands na Ngara, Wahindi; Eastlands, sisi. Kwa hivyo ukiona msee wa Eastlands hajawahi kutembea Lavington bila kutumwa, si ushamba. Huo mpaka ulichorwa zamani sana na bado miguu yetu inaufuata. Ndiyo maana nasema safari ya maana ya kijana wa Nairobi inaweza kuanza na nauli ya finje kuelekea upande ambao hajawahi kuwa na sababu ya kwenda.

Tao kwa miguu, mbio mbio

Kimathi Street yuko Dedan Kimathi mwenyewe, bunduki mkono mmoja, kisu mwingine. Sanamu ilizinduliwa 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe Kamiti. Sogea Moi Avenue utampata Tom Mboya. Huyo usimpite. Jumamosi ya 5 Julai 1969 alikuwa anatoka duka la dawa hapo karibu, barabara ikiitwa bado Government Road, akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 38. Ndiye alisaidia mamia ya vijana wa Kenya kwenda kusoma Marekani kwa ndege kuanzia mwisho wa miaka ya hamsini. Leo watu huketi chini yake wakingoja mabeste waliochelewa, na naona hiyo ni heshima ya aina yake.

Nyuma yake kuna jengo la Nyaraka za Taifa, lile lenye nguzo kubwa, ambalo zamani lilikuwa benki. Kiingilio kwa raia ni kidogo sana. Ghorofa ya chini kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, makamu wa rais wa pili wa Kenya, baba Mgoa, mama Mmaasai. Alikaa kwa hicho cheo miezi michache ya 1966 akaachana na siasa. Badala ya kununua mashamba, jamaa alinunua vitabu, vinyago, nguo na vito kutoka Afrika nzima. Vitabu vya kale pekee vilipita 8,000. Nenda siku ya kazi ama Jumamosi asubuhi, Jumapili utagonga mlango.

Ukishuka na Moi Avenue hadi Haile Selassie, kuna bustani ya kumbukumbu ya bomu la 7 Agosti 1998. Hapo ndipo ubalozi wa Marekani ulikuwa. Watu 213 walikufa Nairobi, wengi wao Wakenya waliokuwa tu kazini, ama kwa jengo la Ufundi lililoporomoka pembeni, ama kwa basi. Majina yako ukutani. Sisi tuliozaliwa baadaye tunaijua hii kama swali la mtihani, lakini ukisoma majina moja moja unaanza kukuta ya ukoo wako. Kuna kimya pale ndani ambacho sijakipata kwingine tao.

Ukibaki na muda, Jumba la Makumbusho ya Reli liko nyuma ya steji ya Railways. Mji wenyewe ulianza kama kambi ya reli mwisho wa Mei 1899, kwa hivyo hapa ndipo utaona mama aliyeuzaa. Uliza wakuonyeshe behewa la Ryall, afisa wa polisi aliyelala akimvizia simba pale Kima mwaka 1900. Simba hakulala.

Sasa dandia mat

Hapo saa saba mchana, mguu unauma, njaa inabisha. Kwa kichwa cha watu wengi, mlo wa mgeni ni mkahawa wenye taa za manjano. Achana nayo. Panda 23 ya Kangemi. Ukitoka baada ya saa tatu na nusu asubuhi na kabla ya saa kumi jioni nauli huwa karibu finje. Mvua ikishuka, konda anajitungia bei yake na hakuna mahakama ya kukata rufaa. Kaa dirishani uone, lakini simu iwe mfukoni. Kwa jam ya Waiyaki Way kuna vijana wana mikono mirefu kuliko kioo chako.

Na hiyo Waiyaki Way yenyewe ni somo. Waiyaki wa Hinga alikuwa kiongozi wa Wakikuyu upande wa Dagoretti. Mwaka 1890 alikula kiapo cha udugu na Lugard, Mwingereza aliyekuja kujenga ngome. Miaka miwili baadaye ndugu hao hao wakamkamata, wakaanza kumpeleka pwani, akafia Kibwezi. Leo juu ya barabara yake kuna ile barabara ya kulipia iliyofunguliwa 2022, ambayo msee wa 23 anaiangalia tu kutoka chini.

Westlands utapita. Kama una doh, kuna vilabu na majengo makubwa, na mitandao imeshakuambia yote. Shuka Kangemi.

Kangemi si mahali pa kwenda kushangaa watu. Nasema hivi mapema kwa sababu kuna biashara ya kuzungusha wageni mitaani kuona "maisha ya chini", kamera shingoni. Ukialikwa kwa hiyo, uliza kwanza pesa inamwendea nani mtaani. Nenda Kangemi kama mteja. Soko ni kubwa, ndizi, viazi, mboga za kienyeji kwa mafungu: managu, saga, mrenda, kunde. Waluhya ni wengi huko, kwa hivyo ukisema "Mulembe" badala ya "Sasa" utaona sura zikifunguka. Vijana wanauza mukombero, ule mzizi wa kutafuna. Wanausifu kwa mambo mengi ambayo mwandishi huyu hatayathibitisha.

Huko ndiko parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, aliyoitembelea Papa Francis 27 Novemba 2015. Angeweza kuongelea mambo ya mbinguni tu. Aliongelea pia maji na unyakuzi wa ardhi ya mitaa. Ukivuka barabara tu uko Loresho, ua wa maua na milango ya umeme. Nairobi ni mji ambao maji ya kumwagilia nyasi na maji ya mtungi vinauzwa mita mia chache mbali.

Siku nyingine: 46

Kama una siku ya pili, hii ndiyo naipenda zaidi na hugharimu nauli tu. Panda 46 ya Kawangware kutoka tao. Utapita Yaya, utapita Valley Arcade, utaingia Lavington, miti imeinamiana juu ya barabara kama paa. Shuka hapo. Tembea Gitanga Road kuelekea Kawangware kwa miguu. Kwanza ni ukuta mrefu, ukuta mwingine, soja, mbwa. Halafu kibanda kimoja cha mahindi choma. Kisha viwili. Kisha bodaboda, muziki, fundi viatu, mama wa chapo, na ghafla uko katikati ya watu. Hakuna kituo cha ukaguzi, hakuna mstari chini. Lakini mwili wako utajua umevuka.

Soja akikuuliza unaenda wapi, na atakuuliza kama umevaa kawaida, mjibu kwa adabu: "Napita tu, mkubwa." Barabara ni ya umma. Naye huenda ametoka Kawangware alfajiri kulinda nyumba ambayo hajawahi kuketi sebuleni mwake, kwa hivyo msimalizane. Mara nyingine mimi husimama kubonga nao, na wanajua historia ya mtaa kuliko wenye nyumba.

Ukitaka kupumzika wakati wa kurudi, kuna bustani ya miti ya Arboretum karibu na State House, iliyoanzishwa 1907 kujaribu miti ya kulisha reli kuni. Beba chakula chako, lakini kifunge. Kima wa pale hawana haya.

Vitu vidogo vya kukuokoa

Beba kitambulisho, bei ya raia inakihitaji. Weka doh kwa M-Pesa, kwa sababu sehemu nyingi za serikali hazishiki pesa taslimu tena. Choo cha tao ni sarafu ya ashara ama mbao, usingojee mpaka iwe dharura. Usipige picha State House, polisi wala benki. Mtu naye muulize kwanza, hasa mama wa soko; mara nyingi atakubali ukinunua kitu, na hiyo ni haki yake. Na usipange zaidi ya sehemu nne kwa siku. Tulijaribu sita, mbili hatuzikumbuki.

Siku ile tulimalizia Kangemi, kibanda cha mabati, benchi la mbao, ugali, mrenda na omena kwa watu wawili, haikufika soo tatu. Mama mwenye kibanda alimsikia binamu yangu akisema asante, akageuka na mwiko mkononi. "Wewe mtoto, ni wa wapi?" Akamwambia. Mama akataja shule. Binamu akataja mto. Kumbe aliolewa kijiji cha pili kutoka kwetu na alikuwa amemjua shosho, amemzika hata, mwaka ambao sisi tulikosa nauli ya kwenda matanga.

Alituongezea ugali bila kuuliza, akavuta kiti, akaanza kutueleza vile mazishi yalikuwa. Gari la usiku lilikaribia kutuacha.