Mbwa wa kusaidia wagonjwa si story ya wazungu

Onyesha msee yeyote hapa Kisii video ya mbwa akimwamsha mgonjwa wa sukari saa nane usiku, na jibu ni lile lile: hayo ni mambo ya wazungu. Huku kwetu esese kazi yake ni kubweka. Analala nje, anakula ugali uliobaki, na siku mwizi akipita bila yeye kubweka, anatafutiwa mwingine.

Mimi nakataa. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo muda wa kusoma vitu ambavyo hakuna mtu atanifanyia mtihani ninao, na hii historia nimeichimba vizuri. Haikuanza na matajiri wenye kennel kubwa. Mara nyingi ilianza na mtu mwenye shida, mbwa wa karibu, na watu wengi wakisema haiwezekani.

Hata hiyo picha tuliyo nayo ya mbwa ina historia yake. Wazee watakuambia zamani mbwa alitembea na watu, akaenda nao kuwinda na kuchunga ng'ombe. Halafu mwaka wa 1912 kichaa cha mbwa kikathibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza, kwa mbwa karibu na Nairobi, na mpaka leo serikali iko na mpango wa kukimaliza ifikapo 2030. Ongeza settler na geti lake limeandikwa MBWA KALI, ongeza mbwa wa polisi. Vizazi kadhaa vya Waafrika vilimjua mbwa kama kitu cha kukukimbiza ukipita kwa barabara ya mwenyewe. Uoga wetu haukutoka hewani.

Sasa twende nje kidogo. Mwaka wa 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walifungua shule ya mbwa wa kuongoza vipofu mjini Oldenburg, kwa sababu wanajeshi walikuwa wanarudi nyumbani bila macho. Miaka michache baadaye kijana kipofu wa Nashville, Marekani, anaitwa Morris Frank, akasomewa makala ya mama mmoja, Dorothy Eustis, aliyekuwa anafunza mbwa Uswisi. Akamwandikia barua, akapanda meli, akarudi 1928 na mbwa wake. Mbwa alikuwa anaitwa Kiss. Frank akambadilisha jina akawa Buddy, na ninamwelewa kabisa, hebu jiwazie ukiita "Kiss!" katikati ya soko la Daraja Mbili. Alipofika New York akavuka barabara iliyojaa magari na Buddy mbele ya waandishi wa habari. Alikuwa na miaka 20. Mwaka uliofuata, 1929, wakaanzisha The Seeing Eye.

Mbwa wa walemavu wasio vipofu alikuja baadaye, 1975, kwa mkono wa mwalimu wa California anaitwa Bonnie Bergin. Bergin hakuwa mtaalamu wa mbwa. Alikuwa amezunguka Asia akaona watu wasioweza kutembea vizuri wakiegemea punda, wakiuza bidhaa zao barabarani kama kawaida. Akarudi kwao akajiuliza, kama punda anaweza, mbwa je? Wataalamu walimwona amechizi. Mbwa wake wa kwanza, Abdul, alikuja kuishi na msichana wa kiti cha magurudumu, akimwokotea vitu na kumwashia taa. Kwa hivyo mkiniambia hii ni idea ya wazungu, mnisaidie: maskini wa Asia wakiwa na punda wao tunawaweka wapi?

Lakini story ninayoipenda kuliko zote iko hapa karibu, Gulu, kaskazini mwa Uganda.

Francis Okello Oloya alikuwa na miaka 12 wakati wa vita vya LRA. Alikuwa analima shamba la familia, bomu likalipuka, akapoteza macho. Akapelekwa shule ya bweni Gulu iliyokuwa inachukua wasioona. Shida yake kubwa usiku ilikuwa ndogo sana kwa mtu anayeona: kufika choo. Mbwa wa pale shuleni, mbwa koko tu wasio na mafunzo yoyote, wakaanza kumsindikiza. Hakuna mtu aliwatuma. Okello akakua, akasoma saikolojia ya jamii, na katika miaka ya 2010 akaanzisha mradi wa mbwa wa kuwafariji watu waliobaki na vidonda vya vita kichwani: wale wanaoamka wakipiga kelele, wale walioshindwa kukaa na watu. Mbwa wanaotumika ni wa mtaani. Wanatibiwa, wanachanjwa, halafu kila mmoja anapewa mtu, na huyo mtu ndiye anayemfunza mbwa wake, wiki baada ya wiki, chini ya walimu, mpaka wahitimu pamoja.

Soma hiyo sehemu tena. Mgonjwa ndiye anafunza. Watu waliokuwa wanaonekana kijijini kama wameharibika wakapewa kiumbe kinachowasikiliza.

Kama bado unadhani wanyama na magonjwa ni mambo ya ng'ambo, vuka Tanzania. Pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafunza panya buku kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Panya, wasee! Na sisi tuna mbwa, pua yake inajulikana dunia nzima, tumemfunga mnyororo kwa mti wa parachichi.

Nina sababu ya kuongea hivi. Binamu yangu huko Nyamira ana kisukari aina ya kwanza, yuko kidato cha pili. Hatari yake kubwa ni sukari kushuka usiku akiwa amelala. Anti yangu huamka saa sita na saa tisa kumpima, na zile stripu za kupimia si bei ya mandazi. Kwa boma kuna mbwa mdogo wa miezi minne, koko halisi, anaitwa Simba kama nusu ya mbwa wa Kenya. Wanamfunza.

Kunusa sukari si uchawi. Mwaka wa 2016 watafiti wa Cambridge waliwapima wanawake 8 wenye kisukari aina ya kwanza wakaona sukari ikishuka, gesi inayoitwa isoprini huongezeka sana kwenye pumzi. Pengine hiyo ndiyo mbwa hunusa. Kwa hivyo pale Nyamira binamu akipima na kupata iko chini ya 4, kwanza anapewa kitu cha sukari. Sukari mdomoni kwanza, pamba baadaye. Halafu anapanguswa jasho kwa pamba safi, inawekwa kwa chupa yenye kifuniko, chupa inapelekwa friza ya jirani mwenye duka la maziwa. Pamba nyingine inachukuliwa sukari ikiwa sawa. Simba akinusa ile ya chini anapata omena. Akinusa ile nyingine hapati kitu. Akishazoea, anafunzwa kuweka mguu kwa goti la mtu kila akiipata hiyo harufu. Dakika tano, asubuhi na jioni, basi. Chanjo ya kichaa alishapata. Bila hiyo hata usianze.

Sitawauzia ndoto lakini. Utafiti wa Uingereza wa 2019 uliofuata mbwa 27 waliofunzwa na wataalamu ulipata kwamba mbwa wa katikati aligundua sukari ya chini mara 83 kwa 100, na tofauti ya mbwa mmoja na mwingine ilikuwa kubwa. Utafiti mwingine mdogo wa Marekani ulipata chini ya nusu. Hao ni mbwa wa wataalamu, sasa Simba wa omena? Anti bado anaamka saa sita na saa tisa, na ataendelea kuamka. Mbwa ni jicho la ziada, mashine ya kupima haiendi popote. Na kama una mgonjwa wa kifafa nyumbani, jua kumfunza mbwa akae naye au aite mtu akianguka inawezekana. Kumfunza atabiri kabla hajaanguka ni kitu kingine, na mtu akikuahidi hiyo kwa pesa, kimbia.

Ninachoogopa zaidi ni barabara. Siku Simba atakuwa tayari, makanga wa Nyamira kwenda Kisii atamkubali ndani ya matatu? Marekani mtu anaruhusiwa kumfunza mbwa wake mwenyewe na kuingia naye dukani bila cheti. Hapa kwetu Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pa umma na kutumia usafiri wa umma. Na kifungu cha 260, ambacho watu hawasomi, kinapoeleza ulemavu kinataja pia ugonjwa unaozuia mtu kufanya shughuli zake za kila siku kwa muda mrefu. Mbwa hatajwi. Hajakatazwa pia. Ningependa wakili mmoja kijana alichukue hili, kwa sababu makanga hatasomewa Katiba na msichana wa miaka 16 akiwa na mbwa kwa kamba pale stage.

Kwa sasa Simba anapata chupa sahihi mara nyingi kuliko anavyokosa, akiwa na njaa. Akishiba anaenda kulala.