Herufi Zinazokataa Kuonekana: Columbus, Louisville na Buffalo katika Historia ya Unicode

Kompyuta haihifadhi herufi bali huhifadhi namba, na kazi ya kuigeuza namba kuwa umbo linaloonekana kwenye skrini hufanywa na fonti, yaani mkusanyiko wa maumbo ya herufi. Namba ikisomwa kwa jedwali lisilo lake, au fonti ikikosa umbo linalotakiwa, msomaji huona vijisanduku vitupu au alama zisizosomeka. Wakutubi walikumbana na tatizo hilo mapema kuliko watu wengi. Mwaka 1967 vyuo vya Ohio vilianzisha mjini Columbus kituo cha OCLC, kikiongozwa na Frederick Kilgour, na kuanzia Agosti 1971 maktaba zake zikawa zinaorodhesha vitabu kwa pamoja kupitia kompyuta.

Vitabu hivyo vilikuwa vya lugha nyingi, na jedwali la herufi lililotumiwa na maktaba za Marekani liliitanguliza alama ya matamshi, kama ile ya juu ya é, mbele ya herufi yake, kama ilivyokuwa kwenye mashine za taipu ambazo kitufe cha alama hakikusogeza karatasi. Unicode, jedwali la herufi za dunia nzima ambalo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, iliamua kinyume, kwamba herufi ianze na alama ifuate. Kwa hiyo neno la Kifaransa «café», likihamishwa bila kugeuzwa mpangilio, huonekana na alama juu ya f badala ya e, kosa dogo ambalo fonti, hata iwe nzuri kiasi gani, haiwezi kulisahihisha.

Mjini Louisville, ambako shirika la APH, lililoanzishwa mwaka 1858, huchapa vitabu vya wasioona, suala lilikuwa gumu zaidi. Nukta sita za maandishi ya nukta nundu, yanayosomwa kwa vidole, hutoa mipangilio 64, na nane zinazotumiwa na kompyuta hutoa 256, ambayo yote iliingizwa katika Unicode mwaka 1999; lakini kila mpangilio ulipewa jina kwa nukta zake tu, kwa kuwa nukta ya kwanza ikiwa peke yake husomwa a, na ikitanguliwa na alama ya tarakimu husomwa 1. Busara ya uamuzi huo ni kwamba maana imeachiwa lugha husika. Buffalo ilishughulikia njia ya kurudi, kutoka umbo hadi namba: kituo cha CEDAR cha chuo kikuu cha huko kiliifundisha kompyuta kusoma anwani za barua zilizoandikwa kwa mkono.

Wakongomani wanaozungumza Kiswahili wamehamia miji yote mitatu, na lugha yao, ambayo yaelekea haihitaji herufi yoyote ya pekee, ina mtego mmoja, nao ni ritifaa ya ng'. Programu nyingi za kuandikia huibadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, ambayo katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi namba za Unicode, huchukua baiti tatu, na baiti hizo zikisomwa kwa jedwali la zamani la Windows, ng'ombe hugeuka «ngâ€™ombe». Hata zikionekana sawasawa, ritifaa hizo mbili zina namba tofauti, hivyo anayetafuta neno kwa moja hatalipata lililohifadhiwa kwa nyingine, isipokuwa mtengenezaji wa programu awe amezihesabu kuwa kitu kimoja.