Paa Likiwa Wazi, Masomo Yaliendelea



Mmezoea kukuta ukurasa wa historia katika kijitabu hiki, na wazee wetu wamezoea kutusuta kwamba historia yetu kila mwaka inaanza na Mzungu. Wana haki ya kusema hivyo. Lakini mwaka huu mchango wetu unakwenda kwenye bweni la wasichana, na habari za shule kwetu haziwezi kumruka. Tutamtaja haraka, kisha tuendelee.

Misheni ya C.M.S. ilifungua kituo Mamboya mwanzoni mwa miaka ya 1880, kwenye njia ya misafara iliyopanda kutoka pwani kwenda Mpwapwa. Mlei mmoja wa misheni hiyo, Joseph Thomas Last, alijifunza Kikaguru kwa wazee wetu, na mwaka 1886 sarufi yake ya lugha yetu ikachapishwa London. Maana yake ni kwamba lugha ya bibi zetu ilikuwa kitabuni zaidi ya miaka 20 kabla reli haijafika Kilosa. Reli yenyewe ndiyo iliyotuponza. Ilipita kwenye bonde la Mkondoa, ikatuacha juu na milima yetu, na biashara ikateremka kuifuata. Waingereza waliyaweka makao ya chifu mkuu wa Ukaguru hapa hapa Mamboya, kwa hiyo heshima ilibaki. Fedha ilikuwa imeshahamia Kilosa.

Na sekondari haikuwepo. Mtoto wa Ukaguru aliyemaliza masomo ya kati enzi za mkoloni, kama alibahatika kuchaguliwa, alifunga tranka lake la bati akaenda Dodoma, Morogoro, Tabora au Dar es Salaam. Ndiyo maana tunaposema "shule kongwe" sisi watu wa Mamboya hatuzungumzii majengo ya watu wengine. Zile ndizo zilikuwa sekondari zetu, ila zilijengwa mbali.

Kwa wasichana mlango ulikuwa mwembamba zaidi. Mwaka 1957 masista wa Maryknoll kutoka Marekani walifungua Marian College mjini Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, shule ya sekondari ya wasichana watupu wakati ambapo wazazi wengi waliona darasa la nne linamtosha binti. Serikali ilipotaifisha shule za misheni kwa sheria ya mwaka 1969, nayo ikawa ya umma, na leo wote tunaijua kwa jina la Kilakala. Kutaifishwa kulifungua mlango kwa watoto wa dini zote na mikoa yote, na hilo tunalishukuru. Kitu kimoja tu hakikufuatana na majengo, nacho ni fungu la kuyatunza. Sisi tunaoshika hesabu tunalifahamu kosa hilo: mali inaandikwa kwenye vitabu, uchakavu wake hauandikwi, halafu siku moja paa linavuja na kila mtu anashangaa.

Wengi wetu katika kamati tulisoma bweni miaka ya 1990. Shule zetu hatutazitaja, maana zilitulea. Tulilala chini ya mabati yenye matundu tuliyoyafahamu moja moja, na mvua ilipoanza usiku kila mtu alijua kitanda kisogezwe wapi na ndoo ikae wapi. Vioo vya madirisha vilikuwa maboksi. Maji tuliyafuata na madumu kabla ya mchakamchaka. Tulicheka sana pia, tusidanganye. Lakini wapo waliougua vifua wakarudi nyumbani, na mmoja au wawili hawakurudi tena shuleni.

Ukarabati mkubwa wa shule kongwe ulianza katikati ya miaka ya 2010. Serikali ilizihesabu shule za namna hiyo zaidi ya 80 nchini, na kazi ikafanyika kwa awamu, baadhi zikisimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001 kuendesha Mfuko wa Elimu. Tabora, Ilboru, Msalato, Pugu, na katika mkoa wetu Kilakala na Mzumbe, zote ziliguswa. Aliyezipita kabla na akazipita baada ataeleza mwenyewe.

Picha za "kabla" na "baada" kila mtu ameziona. Kinachotuhusu sisi ni katikati, kwa sababu shule za bweni hazikufungwa mwaka mzima kusubiri rangi ikauke. Watoto wetu na wapwa zetu walikuwa ndani, katika shule hii na ile, na simulizi zao zinafanana. Bweni moja linaezuliwa, wenyewe wanahamishiwa bweni la jirani. Vitanda vya juu na chini vinabananishwa mpaka mtu anapita ubavu ubavu. Waliokosa nafasi wanalala bwaloni, wanaamka mapema kupisha meza za uji. Darasa likivunjwa sakafu, mikondo miwili inakaa chumba kimoja, au zamu inapangwa, au mwalimu anachukua ubao wake kwenda chini ya mwembe. Mashine ya zege inanguruma wakati wa hesabu. Vumbi la saruji liko kwenye daftari, kwenye nywele, kwenye maharage.

Ungetegemea kwamba nidhamu ingeporomoka. Binti mmoja wa ukoo wetu alitusimulia kinyume chake. Kidato cha sita walikuwa wanaelekea mtihani, na bweni lao ndilo lililoezuliwa. Wadogo wa kidato cha tano wakawaachia vitanda vya chini karibu na taa, wao wakapanda juu au wakalala wawili wawili. Hakuna mwalimu aliyewaagiza. Viranja walipanga zamu ya kufagia misumari kila jioni, kwa sababu wengi huenda bafuni pekupeku. Na kulikuwa na mchezo: fundi akishusha mbao za dari, wasichana wanakimbilia kusoma majina yaliyoandikwa kwa makaa na kalamu na wanafunzi wa zamani, wakitafuta kama yupo mama au shangazi wa mtu. Alituambia hivyo huku akicheka, kisha akasema neno lililotukaa: "Tungerudishwa nyumbani, mimi nisingemaliza." Nyumbani kulikuwa na mgonjwa wa kuuguzwa na shamba la kupaliliwa, na yeye ndiye binti mkubwa.

Sasa tuje kwetu. Tangu mpango wa sekondari za kata uliposhika kasi, kuanzia mwaka 2004, mtoto wa Mamboya hahitaji tena tranka la kwenda Tabora ili aone kidato cha kwanza. Lakini vijiji vyetu vimetawanyika, milima haijasogea, na msichana anayeishi mbali bila bweni hupanga chumba. Mnajua tunachozungumzia. Chumba cha kupanga, binti wa miaka 15, jiko la mkaa na mlango wa komeo moja.

Bweni letu lina nyufa na paa limechoka. Kikao cha kamati cha mwaka huu kilikuwa kirefu. Sisi wa upande wa hesabu ndio tuliopendekeza, tukiri, kwamba bweni lifungwe muhula mzima, mafundi wafanye kazi bila kuzuiwa, na wasichana wakapange kwa muda. Kwenye karatasi ilikuwa nafuu. Mama mmoja akatuuliza swali moja tu: kwenye hayo makadirio, mstari wa pa kulala watoto uko wapi? Haukuwepo. Tulikuwa na saruji, nondo, mabati, misumari na ufundi, yote kwa fosi akaunti, shule ikinunua vifaa na kuajiri mafundi yenyewe, risiti kwa risiti. Pa kulala tulikuwa tumewaachia wazazi, bila kuandika, na tukaita akiba. Tukamkumbuka binti yule wa ukoo wetu, tukafuta, tukaanza upya.

Kwa hiyo kazi itafanyika nusu kwa nusu. Upande wa mashariki utaezuliwa kwanza, wasichana wakibanana upande wa magharibi na katika darasa moja litakalowekewa nyavu za madirisha na mlango imara. Ukarabati utachukua muda mrefu zaidi na gharama imepanda. Ongezeko lote ni la mambo manne: posho ya matroni wa pili, mlinzi wa usiku, maturubai, na choo cha muda upande wa darasa hilo. Jedwali liko ukurasa unaofuata, na mistari hiyo minne tumeiweka juu kabisa, kabla ya saruji.

Wazee wameahidi mawe na mchanga. Vijana wa Dumila na Kilosa wameomba kubeba mabati. Sisi wa mjini tunadaiwa fedha taslimu, na fomu ya ahadi imebanwa kwenye jalada la nyuma. Atakayependa mchango wake uende kwenye mstari fulani auandike jina la mstari huo. Mpaka tunapeleka kijitabu hiki kiwandani, mlinzi wa usiku alikuwa bado hana mtu.