Mto Unaofunguliwa kwa Ratiba

Kwa zaidi ya miaka 60, kipande kimoja cha mto Ocoee, katika bonde jembamba la kusini-mashariki mwa Tennessee nchini Marekani, kilikuwa mawe makavu. Maji hayakupotea. Yalipita juu kidogo, ubavuni mwa mlima, ndani ya mfereji wa mbao wenye urefu wa zaidi ya kilomita 7. Mfereji huo ulijengwa pamoja na bwawa la Ocoee Namba 2, lililokamilika mwaka 1913. Kazi yake ilikuwa kuyabeba maji bila kuyaacha yashuke, mpaka pale yanapoweza kuangushwa kwa mkupuo mmoja, zaidi ya mita 70, hadi kwenye mitambo ya umeme. Mto wenyewe uliachiwa madimbwi.

Leo kipande hicho ni mojawapo ya shule kubwa za waendesha kayaki wa maji makali nchini humo. Kipo kwenye daraja la III hadi la IV katika kipimo kinachoanzia I, maji ya kuchezea watoto, hadi VI, maji ya kuandikia wosia. Ni mto wa mtu aliyekwisha kujifunza kusoma mkondo, anayejua kujibanza nyuma ya mwamba ili apumue, na anayeweza kujigeuza na kukaa sawa kayaki inapompindua kichwa chini, ila bado hajawa bingwa.

Kabla ya umeme palikuwa na shaba. Wacherokee, wenyeji wa milima hii, walifukuzwa kwa nguvu ya jeshi mwaka 1838 na kuswagwa magharibi. Miaka michache baadaye shaba ikagunduliwa karibu na Ducktown, na kufikia 1853 barabara ya magari ya nyumbu ilikuwa imechongwa kandokando ya mto ili kuifikisha sokoni. Baadhi ya waliofanya kazi hiyo walikuwa Wacherokee waliobaki nyuma. Miti ikakatwa kulisha tanuru, na moshi wa salfa ukaua iliyosalia. Kufa kwa mimea kukaenea hadi jimbo la jirani la Georgia likashtaki, na mwaka 1907 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kesi hiyo dhidi ya kampuni ya shaba ya Tennessee kwa kuipa Georgia ushindi. Barabara ile ya nyumbu ndiyo iliyokuja kuwa barabara kuu ya lami, na bila hiyo pengine mchezo usingefika hapa: mwendesha kayaki anahitaji gari la kumrudisha alikoanzia.

Shirika la serikali ya Marekani linaloitwa TVA lilinunua bwawa na mfereji mwaka 1939. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto likaongeza Ocoee Namba 3 upande wa juu, na sehemu hiyo nayo ikakauka, maji yakiingizwa kwenye handaki. Hivyo ndivyo mambo yalivyokaa mpaka Septemba 1976, mfereji wa mbao ulipochakaa kiasi cha kutostahili kutumika tena. TVA ikaufunga, na maji, kwa kukosa njia nyingine, yakarudi kitandani mwake.

Yalirudi wakati mwafaka. Mwaka 1972 filamu ya Deliverance, iliyopigwa kwenye mto Chattooga mpakani mwa Georgia na South Carolina, ilikuwa imewavuta vijana wengi mitoni, ingawa hadithi yake ni ya kumfanya mtu abaki nyumbani. Mwaka uliofuata kampuni ya California iitwayo Hollowform ilianza kutengeneza kayaki za plastiki nene kwa kalibu inayozunguka. Kabla ya hapo chombo kilikuwa cha nyuzi za kioo, na kila safari ya mto wenye mawe ilifuatwa na jioni ya kuziba nyufa kwa gundi. Plastiki iligonga mwamba ikabonyea, ikaendelea. Mtu wa kawaida sasa aliweza kukosea mara nyingi bila kununua chombo kipya, na huko kukosea ndiko kulikojaza mito ya daraja la kati.

Mwaka 1977 kampuni za kubeba watalii kwa boti za mpira zilikuwa tayari zinafanya biashara Ocoee. Bonde lililokuwa maskini tangu shaba ianze kudorora likapata ajira. TVA nayo ilikuwa ikijiandaa kuutengeneza mfereji, ambao mwaka 1979 uliorodheshwa kuwa mali ya kihistoria ya taifa. Pande zote mbili zilidai maji yaleyale.

Suluhu ilikuja kwa lugha ya hesabu. Kila saa ambayo maji yanapita mtoni ni saa ambayo hayazungushi mtambo, basi hasara hiyo ikapigiwa bei. Mfereji ulianza kazi tena Novemba 1983, na mwaka uliofuata fedha zilizoidhinishwa na Bunge la Marekani, dola milioni 7.4, zikaifidia TVA. Nayo ikakubali kuufungulia mto siku 116 kila mwaka kwa miaka 35. Kampuni za utalii zingerudisha fedha hizo kidogokidogo kupitia ada za abiria. Ni mpango wa ajabu ukiutazama vizuri: mto unalipiwa ili utiririke mahali pake.

Faida moja haikuandikwa popote kwenye mkataba. Mto wa mvua hubadilika: leo daraja la III, kesho baada ya dhoruba la V, mwezi ujao hautoshi hata kulowesha kasia. Ocoee hufunguliwa kwa kiasi kinachokaribiana kila mara. Wimbi la Hell Hole, karibu na jengo la mitambo, huwa na umbo lilelile wiki hadi wiki, na anayejifunza anaweza kurudi kwenye kosa lake na kulikuta palepale. Ni mkono wa mhandisi unaoubakiza mto huu katika daraja la kati.

Sehemu ya juu, chini ya Ocoee Namba 3, ilipata zamu yake Julai 1996. Miamba ilisogezwa na kitanda kikabanwa ili maji yapate kasi, kisha mashindano ya slalomu ya Olimpiki ya Atlanta yakafanyika hapo, juu ya kitanda halisi cha mto badala ya mfereji wa saruji kama ule wa Augsburg mwaka 1972. Oliver Fix wa Ujerumani na Štěpánka Hilgertová wa Jamhuri ya Czech walishinda kayaki. Michal Martikán, kijana wa miaka 17, akaipatia Slovakia dhahabu yake ya kwanza kama nchi huru kwa mtumbwi wa mtu mmoja.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaijua hesabu hii ikipigwa kinyume. Karibu na Jinja nchini Uganda, maporomoko ya Bujagali, yaliyokuwa yakiwavutia waendesha kayaki kutoka pembe zote za dunia, yalifunikwa na bwawa la megawati 250 lililozinduliwa mwaka 2012. Bwawa la Isimba, la megawati 183, likafuata mwaka 2019 na kumeza mawimbi mengine. Uganda ilihitaji umeme kuliko Tennessee ilivyouhitaji, na mitambo ya Ocoee ni midogo. Ni rahisi zaidi kuuachia mto maji ambayo gridi haitayakosa.

Mkataba wa miaka 35 ulipokaribia kwisha, jimbo la Tennessee lilitenga dola milioni 11.8 mwaka 2017 kuilipa TVA, na ratiba ya kufungulia maji ikasogezwa mbele hadi 2034. Mfereji wa mbao bado unafanya kazi, na juu yake kuna reli nyembamba ya kuwapitisha mafundi wanaoukagua. Siku zisizo za ratiba, maji yanapita huko.